Muuguzi aliyefaulu, na kanga tatu asizoziona

Kisa hiki ni cha kufundishia. Muuguzi, kijiji, mzazi na ndugu zake ni wa kubuni. Nimewaunda kutokana na mambo ambayo mkunga yeyote aliyewahi kupangiwa zahanati ya Newala, Tandahimba au Masasi vijijini, mkoani Mtwara, atayatambua mara moja. Dawa, vipimo na tafiti zinazotajwa ni za kweli. Nimewaandikia wauguzi viongozi wa halmashauri, wale wanaopanda gari na fomu za ukaguzi kila robo mwaka, pamoja na wauguzi wanaolisubiri gari hilo wakiwa wamefagia uwanja tangu alfajiri.

Kisa

Zahanati iko mlimani, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, ambako maji ni ya kuvuna kutoka mabatini na korosho ndiyo kalenda ya watu. Watumishi ni watatu. Tabibu alikuwa mjini kwenye semina. Muuguzi mkunga ni binti wa stashahada kutoka Njombe, ana mwaka na ushee kituoni, Kimakonde chake hakivuki salamu. Hajaolewa wala hajazaa, na kijiji kizima kinalijua hilo. Wa tatu ni mhudumu wa afya, mama wa makamo mzaliwa wa hapohapo, ambaye cheo chake ni cha chini kuliko wote na umri wake kituoni ni mkubwa kuliko wote.

Mwezi mmoja kabla ya tukio, timu ya halmashauri ilifika kwa usimamizi shirikishi. Muuguzi alijibu maswali ya karatasi, kisha akapimwa kwa vitendo. Mkaguzi mmoja alivaa MamaNatalie, lile begi la mafunzo linalofungwa tumboni, lenye mtoto, kondo la nyuma na tangi la damu bandia. Damu ikafunguliwa. Muuguzi akaita msaada, akakanda mfuko wa uzazi, akataja oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli, akahakikisha kibofu ni kitupu, akaweka dripu, akakagua kondo na michaniko, akakumbuka hata asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, gramu 1 ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Hakuruka hatua. Kwenye fomu aliandikiwa kuwa ana umahiri wa kutosha katika dharura za uzazi, na mimi ningekuwa mkaguzi ningeandika hivyohivyo.

Sasa usiku wenyewe. Saa nne, katikati ya msimu wa korosho, mama wa mimba ya tano aliletwa kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na mama yake mzazi. Nyuma yao alifuata mama mdogo na ndoo, kanga na chupa ya chai. Kwa mimba ya tano mama huyu alishashauriwa kliniki ajifungulie kituo kikubwa zaidi. Ushauri umeandikwa kwenye kadi yake. Hakwenda, kwa sababu wanazozijua wote waliowahi kutafuta nauli na mahali pa kulala mjini wakati mazao yako chini ya mkorosho. Muuguzi alimpigia mhudumu aje kusaidia. Simu haikupatikana; mhudumu alikuwa amelala shambani kama nusu ya kijiji.

Mtoto alizaliwa saa nane na dakika ishirini, kilo 3.1, akalia papo hapo. Oksitosini ilichomwa ndani ya dakika moja. Kondo lilitoka kabla ya saa nane na nusu, likiwa zima. Muuguzi aliangalia mpira uliotandikwa chini ya mama, akakadiria damu mililita 200, akaandika.

Hapo bibi (nitamwita hivyo, maana ndivyo muuguzi alivyomwita) akasema, kwa upole kabisa: "Mwanangu, tupishe kidogo tumsafishe mwenzio." Muuguzi akapisha. Alikwenda kwenye meza ya chumba cha jirani, akampima mtoto, akajaza kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya kina mama wanaojifungua. Akarudi, akabisha hodi, akauliza: "Bibi, damu haitoki sana?" Akajibiwa: "Kawaida tu, mwanangu. Uchafu unatoka." Akamuuliza mzazi anajisikiaje, naye akasema hajambo. Saa tisa presha ilikuwa 100 kwa 70, mapigo 104. Saa tisa na nusu, 98 kwa 66, mapigo 112. Alishika tumbo juu ya kanga, akaliona gumu kiasi. Hakuifungua kanga.

Muda wote huo mama mdogo alikuwa akibadilisha. Kanga ya kwanza ililowa, akaikunja, akaitia ndooni, akafunika na kuitoa nje kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu katika familia hii damu ya uzazi haiachwi machoni pa watu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu pia.

Saa kumi na robo mzazi akasema anaona giza. Presha 80 kwa 50, mapigo 128. Muuguzi alipofunua alikuta damu imetuama chini ya mgongo. Kuanzia sekunde ile alifanya kila alichofanya siku ya mtihani, kwa mpangilio uleule, mikono ikitetemeka lakini haikosei. Kibofu kilikuwa kimejaa. Alipokitoa mkojo mfuko wa uzazi ukaanza kukaza. Akapiga 115, namba ya M-mama ya usafiri wa dharura. Akamtaka mume aridhie mkewe apelekwe hospitali. Mume, kijana mpole aliyekuwa amefika kwa baiskeli, akajibu, "Ngoja nimpigie mjomba wake." Mjomba hakupatikana kwa wepesi. Karibu nusu saa ikapita hivyo.

Mama aliongezewa damu hospitalini, akapona. Yeye na mtoto wako nyumbani.

Kikao cha kujadili

Katika vikao vya namna hii majibu mawili huwahi kufika. La kwanza: muuguzi mzembe, utaratibu unasema mama akaguliwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza, yeye alikaa mezani anaandika. La pili: mila, familia imeficha damu, tufanye nini. La kwanza linamwandikia mtu barua. La pili halimwandikii mtu chochote, kila mmoja anarudi kazini. Yote mawili yanaiacha fomu ya ukaguzi salama salimini, na mimi nadhani fomu ndiyo inayostahili kuwekwa kizimbani.

Angalia ilichopima. Siku ya ukaguzi, damu ilitangazwa. Mkaguzi aliyefunga begi tumboni alisema kwa sauti, "Mama anatokwa damu nyingi," akafungua bomba. Kilichobaki kwa muuguzi kilikuwa kutibu, na kutibu anajua. Usiku ule hakuna aliyetangaza. Damu ilikuwa inatoka polepole, chini ya kanga, mikononi mwa wanawake wawili wenye heshima walioamini kuwa inapaswa kutoka. Mtihani ulimpa damu. Kazi ilimtaka aitafute. Hizo ni stadi mbili, na ya pili haikuwa na hata mstari mmoja kwenye fomu.

Asionekane kuwa peke yake. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kule ambako wakunga waliendelea kukadiria damu kwa macho kama kawaida, waligundua karibu nusu tu ya kina mama waliotokwa damu kupita kiasi, asilimia 51. Walikopewa shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo, pamoja na utaratibu wa kutoa matibabu yote kwa mkupuo, waligundua asilimia 93, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Hizo ni hospitali, zenye taa na watumishi zaidi ya mmoja. Jicho la binadamu ni kipimo kibovu cha damu, na huwa linakosea kwa kupunguza. Ndiyo maana mkaguzi anayefungua kitabu namba 12 na kukuta 150, 200, 200, 150, 200 kutoka juu hadi chini ya ukurasa asifurahie. Damu za wanawake thelathini haziwezi kufanana hivyo. Anachokisoma pale ni mazoea ya mwandishi.

Kinachoniuma zaidi kwenye kisa hiki ni zile namba za saa tisa. Presha ya 100 kwa 70 haimshtui mtu, hasa kwa mama mwembamba. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, kwa hiyo mzazi anaweza kupoteza nyingi na presha ikasimama palepale, mpaka inapoporomoka ghafla. Mapigo ndiyo hutangulia kusema. Ukigawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha, jibu likifika 0.9 ni dalili ya kuchunguza. Saa tisa kamili jibu la mama huyu lilikuwa 1.04. Saa tisa na nusu, 1.14. Muuguzi alipima vizuri na kuandika vizuri, kwa mwandiko safi kabisa, habari ya kwamba mgonjwa wake anaishiwa damu. Fomu ya ukaguzi iliuliza: je, anapima presha na mapigo baada ya kujifungua? Ndiyo, tiki. Haikumuuliza alichoelewa kutokana na alichoandika.

Kujua, kuonyesha, kutenda

Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa elimu ya tiba wa Marekani, alipanga umahiri katika ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anatenda. Mtihani wa karatasi unagusa ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo vya vitendo ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee waliueleza mwaka 1975, na ambao vyuo vyetu vya uuguzi vinautumia hadi leo, unagusa ya tatu. Ya nne iko usiku, mlimani, bila mkaguzi.

Kwamba ngazi ya tatu na ya nne zinaweza kuachana kabisa, Tanzania tuna ushahidi wetu wenyewe. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kwenye mwanasesere walibadilika sana, kwa watoto halisi wa leba hawakubadilika. Mabadiliko kwa watoto wenyewe yalionekana baadaye, hospitali ilipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, na vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua. Haydom inahudumia Wairaki, Wadatoga na hata Wahadzabe wa kuzunguka ziwa Eyasi, kwa hiyo wakunga wake wanajua vizuri maana ya kumzalisha mama ambaye lugha yenu haikutani katikati.

Basi mtu atasema: tukae tuwaangalie wakifanya kazi. Hata hapo kuna mtego. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walifanya hivyo katika vituo vya mkoa wa Arusha. Waligundua kwamba mtoa huduma akitembelewa na waangalizi ubora hupanda, kisha baada ya wagonjwa kumi hadi kumi na tano hivi hurudi ulikokuwa. Timu ya halmashauri hukaa zahanati muda gani? Inafika saa nne, inasaini kitabu cha wageni, inaangalia jokofu la chanjo, inakula, inaondoka kabla giza halijaingia. Inamwona muuguzi katika kile kipindi cha kupanda tu. Na zahanati ndogo inaweza kupitisha wiki bila mama kujifungua, kwa hiyo hata ukikesha huenda usione kitu.

Bibi, mama mdogo na mjomba

Sehemu hii ndiyo wakaguzi huiruka haraka, nami nitakaa hapa.

Muuguzi wetu alifundishwa kumshirikisha mume. Ni jambo jema na kliniki zinalihimiza. Lakini Wamakonde, kama majirani zao Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana neno kwa watoto wa dada yake kuliko anavyofikiri mgeni kutoka Njombe, na mwanamke huzaa akiwa mikononi mwa upande wa mama yake. Si kila familia ya leo inafuata hivyo, na mjini Mtwara wengi watakucheka ukisema. Lakini usiku ule hivyo ndivyo ilivyokuwa, na yule mume hakuwa anakwepa kuamua. Alikuwa anafuata utaratibu. Familia ingeulizwa saa nne usiku, wakati mama anapokelewa, "Tukilazimika kwenda hospitali, nani apigiwe simu?", jina na namba ya mjomba vingekuwa nyuma ya kadi. Kuuliza hivyo ni stadi ya uuguzi, na inapimika kirahisi: chukua kadi kumi za kliniki, geuza, angalia kama kuna namba ya mwenye kauli.

Halafu bibi. Alimtoa muuguzi chumbani kwa neno moja, "tupishe", na muuguzi akatii kwa sababu amelelewa vizuri. Mtoto wa watu haambiwi mara mbili na mtu mzima. Ongeza kwamba bibi amezaa, pengine amewahi kuwa kungwi na kuwafunda wasichana unyagoni juu ya mambo hayohayo ya mwili, na mbele yake anasimama binti ambaye kwa macho ya kijiji bado hajafika huko. Fomu inaandika "mkunga mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga". Chumbani mizani ilikuwa nyingine.

Angefanyaje? Angekataa kutoka, angepoteza heshima na pengine mama wa mwezi ujao angejifungulia nyumbani. Alipotoka, alipoteza kanga. Ipo njia ya tatu na wakunga wazoefu wa kusini wanaijua, wanaifanya bila kuiita jina: bibi anapewa kazi. "Bibi, naomba unisaidie. Kila kanga utakayomtoa usiitie ndooni, nipe mimi nikapime, nina hesabu ya serikali ya kuandika." Kanga inapimwa kwenye mizani ya watoto, inatolewa uzito wa kanga kavu, na kila gramu ni karibu mililita moja ya damu. Baada ya hapo ndoo inafunikwa kama familia inavyotaka na sitara haijavunjika. Wala hili si la kubuni mezani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi wa Kigoma walifundishwa kutambua damu kupita kiasi kwa kipimo cha kanga mbili zilizolowa, kisha kutoa misoprostoli, vidonge vya kukaza mfuko wa uzazi. Kanga ina saizi inayokaribiana nchi nzima, na kila mwanamke anayo. Bibi wa kisa chetu alikuwa na kanga tatu. Alikuwa na kipimo mkononi kuliko mtu yeyote chumbani, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni kipimo.

Na ule uchafu? Imani kwamba damu ya baada ya uzazi ni mbaya na iachwe itoke ipo sehemu nyingi, wala Mtwara haina hatimiliki nayo. Kubishana nayo saa nane usiku ni kupoteza muda. Muuguzi anaweza kukubaliana na bibi kwamba damu fulani lazima itoke, halafu wakapatana kiasi: ikifika kanga mbili, nifunue niangalie, hata kama mama anasema hajambo. Kwani atasema nini? Mzazi wa huku kulalamika mbele ya mama yake ni aibu. Neno "sijambo" lililosemwa na mtu mwenye mapigo 112 halina uzito wa kitabibu.

Nani atoe alama

Wauguzi wa nchi nyingine wameshapita njia hii. New Zealand, muuguzi wa Kimaori Irihapeti Ramsden alijenga hoja ya usalama wa kitamaduni, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likaiingiza katika mafunzo. Sehemu kali ya hoja yake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa, na kwamba muuguzi huanza kwa kujikagua mwenyewe na madaraka aliyonayo kabla ya kukariri mila za watu. Mazingira ni tofauti. Wamaori walifanywa wachache katika ardhi yao; Wamakonde ni wenyeji walio wengi kwao, na binti wa Njombe hakuja kutawala. Hata hivyo yeye ndiye mwenye funguo za dawa, kalamu ya kitabu na sare. Bibi hana hata kimoja, labda ndiyo maana alishika alichoweza kushika, mlango.

Kwa hiyo sishauri kabisa maswali ya karatasi ya aina ya "Wamakonde wanaamini nini kuhusu damu?" Yatazaa majibu ya kukariri na dharau ndogondogo.

Canada nayo ilipata aibu ya aina nyingine. Mwaka 2015 Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo aliangalia huduma za afya kwa jamii za asili zilizo mbali katika majimbo ya Manitoba na Ontario. Kati ya wauguzi 45 waliochunguzwa, mmoja tu ndiye aliyekuwa amekamilisha kozi zote tano ambazo mwajiri wao alizifanya za lazima. Kabla hujauliza muuguzi ana stadi gani, uliza mwajiri alimpa nini. Binti yetu aliporipoti alipewa mafunzo elekezi ya utumishi wa umma, yaani likizo, nidhamu na mfuko wa pensheni, kisha akapandishwa gari. Hakuna aliyemkabidhi kwa mhudumu na kusema: huyu kwa miezi mitatu ndiye mwalimu wako wa kijiji hiki.

Mhudumu huyo hakupimwa siku ya ukaguzi kwa sababu cheo chake hakimo kwenye fomu ya ukunga. Alikuwa anachota maji ya wageni.

Upimaji wa pili

Upimaji ninaoupendekeza, na ambao katika kisa hiki ulifanyika miezi mitatu baadaye, hauhitaji bajeti mpya. MamaNatalie ileile ilivaliwa na mhudumu. Mama mmoja mstaafu wa kijijini aliombwa aigize bibi, akapewa maelekezo mawili: mtoe muuguzi chumbani kwa heshima, na ondoa kanga kila inapolowa. Mhudumu aliambiwa ajibu "sijambo" kwa kila swali. Hakuna aliyetangaza damu. Mkaguzi alikaa pembeni na saa, akiandika jambo moja: tangu bomba lifunguliwe, ilichukua dakika ngapi muuguzi kujua?

Muuguzi alipisha aliposemeshwa, kisha akarudi na mizani. Zoezi lilipoisha, mama mstaafu aliulizwa kwa Kimakonde, muuguzi akiwa nje, kama angemwacha binti yake na mkunga huyu. Alijibu ndiyo, akaongeza kwamba binti anaongea haraka mno.

Pingamizi zilikuwepo, na baadhi zina uzito. Muuguzi mkuu mmoja alisema zahanati ni nyingi na gari ni moja. Jibu ni kwamba zoezi lilimalizika kabla chai haijapoa, na linaweza kuchukua nafasi ya kurasa kadhaa za tiki. Mwingine aliogopa kwamba maoni ya kijiji yatageuka silaha dhidi ya watumishi wageni: asiyependwa ataandikwa hana stadi. Hofu hiyo naikubali, ndiyo maana nataka neno la bibi litumike kufundishia na lisiguse kupanda daraja. Na mtu asidhani kuajiri mwenyeji kunamaliza kazi. Muuguzi aliyezaliwa Newala na kusoma Ndanda anaweza kuwa na imani ileile ya damu chafu, tena kwa nguvu kuliko bibi, na zoezi hili lingemfichua yeye upesi kuliko mgeni.

Lililobaki bila muafaka ni pa kuandika. Utendaji wa mtumishi sasa unajazwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi, kwa malengo na kazi ndogondogo. "Ametambua damu iliyofichwa" haiingii vizuri kwenye kisanduku chochote. Kikao kilikubaliana kuweka daftari la zahanati lenye safu tatu: dakika za kutambua, damu iliyopimwa kwa mizani, na namba ya mwenye kauli nyuma ya kadi. Safu ya nne, ya nani alikuwa mshauri wa lugha siku hiyo, iliongezwa na mhudumu mwenyewe, ambaye aliomba pia alipwe posho ya siku ya zoezi kama wakaguzi wengine. Ombi limepelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya.